Glavu Alizozipuliza Dobi

Hii sikuhadithiwa na mtu. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingetapika. Wako watakaowaambia walikuwepo. Waulizeni harufu ilikuwaje, mtawaona wanajikuna kichwa. Mimi kibanda changu cha kushona viatu kimegusana ukuta na chumba cha kufulia cha Mama Povu, na pua yangu hii inajua soksi ya mtu kabla hajakata kona.

Mama Povu ni dobi wa mikono. Mashine hataki hata kuisikia. Ana mikono mipana kama makasia, na katikati ya kiganja cha kulia alikuwa na kovu la pembetatu, la siku aliyoidaka pasi ya moto isianguke kwenye shati la mteja. Shati lilipona. Watu walikuwa wakisema doa likimwona linahama lenyewe, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea watoto.

Sasa siku hiyo jua lilikuwa la kukausha blanketi kabla hujalikamua. Akaja mteja mrefu, koti la kijivu limefungwa mpaka kidevuni, mikono mfukoni. Furushi akalisukuma mezani kwa kiwiko. Kwa kiwiko, jamani!

"Fua kwa mkono," akasema. "Nitazifuata."

Ndani mlikuwa na glavu jozi moja na soksi jozi moja. Nyembamba, zimelowa, zimenatana kama utando wa maziwa. Shemeji yake Mama Povu, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye mpiga pasi pale, akaziinua kwa ncha ya hanga.

"Shemeji, hizi mpira au utumbo?"

"Utumbo wako. Lete hapa."

Mama Povu ana mazoea yake. Glavu haifui mpaka aipulize kwanza, vidole visimame, aone uchafu umejificha wapi. Akaipachika mdomoni, akapuliza. Vidole vikasimama, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayeamka. Kidole gumba kikagoma. Akakinyonya kidogo kukizibua, akapuliza tena. Ladha ya chumvi ikamjaa mdomoni, na kitu kigumu kikabaki juu ya ulimi. Akakitemea kiganjani.

Ukucha. Mzima.

"Mteja mchafu huyu," akasema, akasukutua, akaendelea na kazi. Akazisugua. Na kwa kuwa pale maji ya sabuni hayamwagwi hovyo, yale yale akayamimina kwenye beseni la mablanketi, akavua ndala, akaingia kukanyaga. Aliporudi kuzisuuza zile glavu na soksi, hazikuwepo. Ndani ya ndoo ulikuwa umebaki ute, unavutika kama kamasi.

Siku chache baadaye homa ikamshika. Kisha mwasho. Vidoti vyekundu vikatoka mikononi na miguuni, vikaungana, vikavimba, vikawa rangi ya ini. Na ajabu ni pale vilipokoma. Kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, mstari, kama umepigwa kwa rula. Juu ya mstari ngozi safi. Mdomoni nako vidonda, vimeizunguka midomo palepale alipopuliza.

Shemeji mtu akaingia jioni moja na sahani, macho hayako kwake.

"Shemeji, vua glavu basi tule."

"Sijavaa kitu," akanong'ona.

Sahani ikaachwa mezani. Hakuna aliyekula.

Akaenda kwa daktari. Daktari akamgeuza mikono, akamgeuza miguu, akasema ni virusi, kwa mtu mzima si jambo la kawaida sana, lakini havimli. "Ngozi itabambuka, mama. Utapona mwenyewe." Mama Povu aliuliza swali moja tu: "Mikono yangu itabaki?" Daktari akacheka. Mimi nisingecheka.

Ikabambuka. Ilikuwa mchana kweupe, amekaa uani, mikono ndani ya maji. Ngozi ya kifundo cha mkono ikainuka kama ukingo wa soksi. Akaishika. Akavuta. Haikukatika. Ikaja yote, inajigeuza ndani nje, chwaaap, na kucha zake, na lile kovu la pasi. Mkono wa pili. Mguu. Mguu. Mimi nilikuwa dirishani nakula, na mimi namaliza hata cha jirani. Siku hiyo sikumaliza. Harufu ilikuwa ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya kiatu cha marehemu.

Chini yake alikuwa na mikono mipya, laini, ya waridi. Akalia kwa furaha.

Halafu akafanya kosa ambalo dobi peke yake anaweza kulifanya. Kitu kilicholowa hawezi kukitupa. Mazoea! Akazisuuza. Akazigeuza. Akazipuliza vidole. Akazianika. Za mikono kamba ya juu, za miguu kamba ya chini, vibanio viwili viwili.

Mteja wa koti akaingia.

"Nimefuata zangu."

"Ziliharibika. Nisamehe, baba."

"Naona zimekauka."

Akazitoa kambani. Akazivaa. Zikamkaa. Akampungia mkono akiwa mlangoni, na katikati ya kiganja kulikuwa na pembetatu.

Mama Povu alipona. Bado anafua. Ila kiganja chake hakina kovu, na glavu hagusi tena hata za mtoto.

Haya, msinikazie macho. Moja nimetunga. Mteja hakuwepo. Lile koti la kijivu nimelishona mimi, maana mtu mwenye koti unaweza kumwogopa ukamaliza. Furushi Mama Povu alilikuta kizingitini alipofungua mlango, limelowa, na hakuna aliyemwona wa kulileta.

Na pale uani hakuingia mtu. Aliingia ndani kuchukua ndoo, akatoka, akakuta vibanio vimebaki peke yake vinacheza kambani. Chini kwenye saruji kulikuwa na nyayo za maji, zimeanzia palepale chini ya kamba. Kwenye mlango wa kutokea barabarani kulikuwa na alama ya kiganja kilicholowa. Katikati yake palibaki pakavu, pembetatu.

Nyayo zilipita mbele ya kibanda changu. Zikasimama kidogo, vidole vimeelekea kwangu. Halafu zikaendelea, zikakata kona.

Huko kwenye kona kuna dobi mwingine.