Penalti ya Mjomba Fulbert

Kila asubuhi kabla ya shule, Nadège alibeba sinia la maandazi ya mama yake hadi kando ya barabara. Wateja walimwita mpwa wa Fulbert, na sinia lilirudi tupu. Mjomba wake, Fulbert Mbaïkoua, alikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa. Alianzia kwenye uwanja wa vumbi jekundu nyuma ya kanisa, akasajiliwa Douala, Kamerun, kisha akaenda kucheza Bulgaria. Alipofunga bao, mji mzima wa Bangui ulikuwa ndugu yake.

Jumapili akapaisha penalti ya dakika ya mwisho, na udugu ukaishia hapo hapo. Jumatatu maandazi yalidoda. Mtu alikuwa ameandika matusi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yao. Shuleni, Gervais, aliyeketi naye dawati moja, alisukuma mkoba wa Nadège chini.

"Mjomba wako ameuza mechi," alisema. "Tafuta pengine pa kukaa."

Darasa zima likacheka. Nadège aliona aibu, na aibu ikamtoa akili.

"Mimi simtetei," alijibu. "Jumamosi alikuja kwetu akalewa mpaka akayumba. Nilimwona kwa macho yangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Fulbert alikuja kweli Jumamosi, kwa ruhusa ya kambi ya timu, kumnywesha uji bibi yake Nadège aliyekuwa na malaria, akaondoka mapema. Lakini Gervais aliuokota mkoba, akampisha Nadège akae. Watu wale wale waliowahi kumbeba Fulbert mabegani walikimbia na habari hiyo mtaani, wala hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Baada ya siku chache kocha wa timu ya taifa, Yangassa, alifika nyumbani kwa akina Nadège, alikokuwa Fulbert, nyuma yake kundi la majirani wenye hamu ya kuona mtu akifukuzwa. Alimwambia Fulbert kwamba, kama habari ile ni kweli, hataichezea tena timu ya taifa. Kisha akamgeukia Nadège.

"Wanasema wewe ndiye shahidi. Ulimwona akinywa?"

Gervais alikuwa amesimama ugani, akimkazia macho. Fulbert alimtazama mpwa wake tu, na Nadège akashindwa kuvumilia macho yale.

"Hakunywa, kocha. Alimnywesha bibi uji. Nilidanganya ili wenzangu wasinitenge."

Majirani wakamzomea. Gervais akatema mate chini akaondoka. Kocha aliwaambia wote warudi makwao, akamtaka Fulbert awe mazoezini kesho yake.

Nadège alilia. Fulbert alimwacha alie kwanza, kisha akaketi karibu naye.

"Bulgaria walinizomea kila nilipogusa mpira," alisema. "Walinirushia hata maganda ya ndizi. Nilikuwa nalala usingizi wangu, maana hawakunijua. Wewe unanijua, mama. Ndiyo maana watu walikuamini, na ndiyo maana uliniumiza kuliko wao. Nikikosa penalti, nitapiga nyingine. Jina nikichafuliwa na mtu wa nyumbani, nani atanisafishia?"

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Umesema kweli mbele ya watu wale wale uliotaka wakupende, na hilo ni gumu kuliko penalti yangu. Kesho dawatini utatengwa. Vumilia, na usiseme uongo tena ili upendwe." Akasimama. "Sasa lete ndoo na kitambaa, tukaoshe ukuta."