Chumba cha Mziwanda

Mimi ni fundi wa vitasa. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na kama kuna mlango wa kunishinda, basi bado haujachongwa. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Mtaani wananiita Funguo. Nyumbani nina mke na watoto wawili, wa kiume ana miaka kumi na mmoja, wa kike ana minane.

Jioni ile nilikuwa nimeshafunga kibanda, begi liko begani, nawaza chakula. Simu ikaita.

"Fundi, nina mlango mmoja tu," alisema mwanamke. "Wa chumba cha ndani. Ufunguo umepotea."

"Nitakuja kesho asubuhi, dada."

"Asubuhi haifai. Njoo sasa hivi, kabla giza halijaingia."

Nilipaswa kumuuliza kwa nini asubuhi haifai. Sikumuuliza. Mtu akiwa na haraka, huwa nadhani haraka hiyo ni yake peke yake.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye barabara, ya matofali, bati limeshika kutu. Uani kulikuwa na makopo, ndoo zilizopasuka na masufuria mabovu, mamia kwa mamia, yote yamejazwa udongo. Katika kila kopo kulikuwa na kijiti kimoja kilichokauka. Kumbe mama yao alikuwa muuza miche. Alifariki wiki tatu zilizopita, na wao walikuwa wamekuja kufunga nyumba.

Nasema wao kwa sababu walikuwa wawili. Kaka mtu alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, ameipa nyumba mgongo. Alinisalimia bila kugeuka. Dada mtu, aliyenipigia simu, alinipokea mlangoni. Mkononi alikuwa na daftari la shule, jalada limechakaa, amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Kaka haingii?" niliuliza.

"Kaka anapenda upepo," alisema.

Upepo haukuwepo.

Akanipeleka kwenye korido nyembamba. Mwishoni kulikuwa na mlango wa mbao nzito uliopakwa rangi ya kijani, na chini yake mtu alikuwa amesukumia matambara, yakakazwa vizuri.

"Ni chumba cha mziwanda wetu," dada alisema kwa sauti ya chini. "Tulizaliwa watatu. Yeye alipotea akiwa na miaka sita. Mama akafunga chumba chake kwa uchungu. Mwaka wa ishirini na nane huu."

Nikampa pole. Nikapiga magoti, nikawasha tochi, nikaiegemeza kwenye begi imulike kitasa. Kilikuwa kitasa cha zamani cha chuma, cha vibao vinne. Yaani ndani yake kuna vibao vinne vidogo, na lazima uinue kimoja kimoja ndipo ulimi wa kitasa urudi. Nikatia mafuta. Nikaingiza waya. Kibao cha kwanza nikakigusa, nikakisukuma.

Kigumu.

Nikasukuma tena. Kama vile upande wa pili kulikuwa na mtu amekishika kwa kidole.

Ndipo nikasikia.

"Kitendawili..."

Sauti ya mtoto. Ndogo, yenye kicheko ndani yake. Nilidhani ni mtoto wa jirani yuko dirishani. Na mimi kwa vitendawili nina udhaifu wangu, tangu utotoni. Sikuwahi kushindwa, sikuwahi kumpa mtu mji hata mmoja. Mdomo ukatangulia akili.

"Tega!"

"Nimevaa nguo kumi, ndani sina mwili."

"Kitunguu," nikasema, nacheka.

*Tak.*

Kibao cha kwanza kikainuka. Waya nilikuwa nimeshauchomoa, uko mkononi. Mlango sikuwa nikiugusa.

Harufu ilianza kupita kwenye tundu la ufunguo... harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na majani yaliyopondwa.

"Dada," nilinong'ona, "huyu mtoto yuko wapi?"

Nilipogeuka, machozi yalikuwa yanamtiririka, na midomo inatabasamu.

"Ni yeye," alisema. "Unaisikia sauti yake? Ni yeye, fundi! Kila jioni tangu tumzike mama anatuita. Asubuhi hayupo."

"Mtoto wa miaka sita? Baada ya miaka ishirini na nane?"

"Kitendawili..." sauti ikaita.

Safari hii sikuitikia. Nilianza kukusanya vyombo vyangu. Tochi, mafuta, bisibisi. Dada akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Umeshasema tega. Ukishaingia kwenye mchezo huondoki katikati. Ukishindwa kujibu, atakudai mji."

"Basi nimpe mji, niende zangu."

"Unajua mama alitoa miji gani?" aliuliza. "Mimi sijui yote. Najua tu kwamba bustani yake ilikauka siku moja. Jicho likapofuka. Miguu ikafuata, mmoja, halafu mwingine. Hospitali walisema ni sukari."

"Kwa nini msijibu nyinyi? Ni ndugu yenu!"

Akatazama chini.

"Mama alituapisha. Mimi na kaka. Tuliapa mbele yake kwamba hatutajibu hata kimoja. Wewe hujaapa."

Nikaelewa kwa nini nimeitwa. Mwenye kukata tamaa hukanyaga hata mgongo wa mtu asiyemjua. Nilitaka kumtukana. Lakini kule ndani kitu kilikuwa kimesogea karibu na mlango. Nilisikia kinavyopumua usawa wa uso wangu, kwa kuwa nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Nimesema, kitendawili."

"Tega," nikajibu. Sauti yangu sikuitambua.

"Mtoto mchanga, ndevu anazo, meno anayo, na bado yuko mgongoni kwa mama."

Kichwa changu kilikuwa kitupu kama debe. Mimi, Funguo! Dada akafungua daftari. Nikamulika. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima, wa wino wa bluu. Kila kitendawili kilikuwa na mistari mitatu: swali, dokezo, jibu. Vyote vilikuwa vya mimea. Mama wa watu alikuwa ameandika kurasa kwa kurasa.

"Dokezo," dada alisoma kwa kunong'ona. "Mama yake ana mapanga mengi, hajawahi kumkata mtu."

Mapanga... majani marefu...

"Hindi," nikasema.

*Tak.*

Kicheko kule ndani. Halafu sauti ya mguu mdogo ukiruka. Dada akaziba mdomo kwa kiganja, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Alikuwa akirukaruka hivyohivyo," alisema. "Alipenda sana mchezo huu. Harakisha, fundi. Amekaa gizani muda mrefu."

Nitasema ukweli. Wakati ule nilimwamini. Nilimwona akilini mtoto wangu wa kike yuko mle ndani, nyuma ya mbao zile, na mimi niko huku na waya mkononi. Woga haukuondoka, lakini ulipata wa kukaa naye.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilizaa mara moja tu. Siku waliyochukua wanangu, ndiyo siku waliyonikata shingo."

Dada hakusubiri. "Mgomba," alinisomea. "Jibu ni mgomba."

"Mgomba!"

*Tak.*

Kimebaki kimoja. Korido ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Matambara ya chini ya mlango yakaanza kusogea, taratibu, yakisukumwa kutoka ndani. Kitu chembamba kilikuwa kinayatoa, tambara moja baada ya jingine.

"Kitendawili," sauti ikasema. Haikuwa tena na kicheko. Ilikuwa karibu sana, kana kwamba mdomo umebanwa kwenye tundu la ufunguo.

"Tega."

"Hakuna aliyenipanda. Hakuna aliyeninywesha. Kila mkining'oa, narudi."

Dada akaanza kufunua kurasa. Akafunua tena. Akafika ukurasa wa mwisho, akasogeza uso karibu na mwanga.

Lakini mimi nilikuwa na jibu. Lilikuja lenyewe, jepesi, na kile kiburi changu cha utotoni kikaja nalo mbio.

"Fundi, ngoja, usi..."

"Gugu," nikasema.

*Tak.*

Ulimi wa kitasa ukarudi ndani, polepole. Mlango ukajifungua kwa upana wa kiganja.

Nilimulika daftari mikononi mwa dada kabla ya kumulika chumba. Sijui kwa nini. Labda niliogopa chumba. Chini ya kitendawili kile cha mwisho hapakuwa na dokezo. Mama yao alikuwa ameandika hivi:

*Jibu ninalo tangu siku ya kwanza. Sitalitamka. Kila jioni nitampa mji, mpaka miji iniishie. Nilizaa wawili. Wanangu wanasema watatu. Nilizaa wawili.*

Nilisoma mara mbili.

Kitu kikapita.

Sikukiona. Kilinigusa gotini, laini na chenye unyevunyevu, kama jani la asubuhi. Harufu ya udongo ikajaa korido, kisha ikapungua, ikielekea barazani. Sikuweza kugeuza shingo. Nilipopata nguvu, nilimulika chumba. Kitanda kidogo, hakijatandikwa. Hakuna vumbi hata chembe. Sakafu ya saruji imepasuka katikati, na shimo lililokuwa pale lilikuwa na upana wa ndoo.

"Dada," nilisema. "Ametoka. Mziwanda wenu ametoka."

Alinitazama. Aligusa mashavu yake, akaangalia unyevu kwenye vidole.

"Mbona nalia?" aliuliza. Kisha akasema, "Mziwanda gani, fundi?"

"Ndugu yenu! Wa tatu!"

"Sisi tumezaliwa wawili," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mimi na kaka. Hiki kilikuwa stoo ya mama ya mbegu. Asante kwa kutufungulia."

Alikuwa haigizi. Nimeishi na watu, najua uongo ukipita usoni. Yule dada alikuwa ametulia kabisa, mzigo umemtoka mabegani.

Nilitoka mbio, begi liko wazi begani, bisibisi inadondoka njiani. Barazani kaka mtu alikuwa amegeuza kiti, anatazama barabara, anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hongera, fundi," alisema. "Mwanao ana adabu sana. Kanipa shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba. Anasema anatangulia nyumbani, ila njia kaisahau. Nikaangalia ile kadi yako ya kazi tuliyotolea namba ya simu, mtaa wako umeandikwa pale, nikamwelekeza."

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba nilipiga mlango wangu kwa ngumi mbili, mimi fundi wa vitasa mwenye funguo mfukoni. Mke wangu alifungua, mwiko mkononi.

"Kuna nini? Umekimbizwa na mbwa?"

"Nani amekuja hapa?"

"Aje nani? Hebu ingia, chakula kinapoa."

Watoto walikuwa mezani, wawili, wanagombania kijiko. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena. Nikakagua vyumba, chini ya vitanda, kabatini. Hakuna kitu. Mke wangu aliniambia nipunguze kazi za jioni, nami nikakubali. Wiki nzima sikulala vizuri. Wiki ya pili nikaanza kulala. Nikaanza kujicheka.

Kisha kinyozi wa jirani, siku moja ananinyoa, akasema, "Funguo, huyu mdogo wenu amechangamka! Kila akipita hapa lazima asalimie."

"Yupi? Wa kike?"

"Hapana bwana, mdogo. Yule wa mwisho."

Nikadhani amechanganya familia. Lakini keshokutwa yake mwalimu wa binti yangu alinisimamisha njiani akaniuliza mdogo ataanza shule lini. Muuza duka naye akaniambia mtoto wangu hachezi mbali, anakaa tu pale ukutani, ananitazama nikiondoka na nikirudi.

Sikumwambia mke wangu. Nilihofia atacheka. Zaidi ya hapo, nilihofia kwamba hatacheka.

Jioni moja alipakua. Tukakaa. Nikaangalia meza, nikahisi kitu hakiko sawa, kama mlango ulioachwa wazi mahali fulani nyumbani. Sahani zilikuwa tano.

"Mke wangu," nilisema taratibu. "Hii ya tano ni ya nani?"

Wanangu waliacha kutafuna. Mke wangu alinitazama kwa huzuni, vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Baba watoto, usiseme hivyo. Atasikia. Unajua anavyoumia ukimsahau."

"Nani?"

Alisogeza ile sahani pembeni ya kiti changu, akaifunika kwa kawa isipoe.

Hayo yalitokea mwezi uliopita. Sasa ni mimi peke yangu ninayeuliza, na siulizi tena kwa sauti. Kiti cha tano kipo. Sijui kilinunuliwa lini. Kuna suruali ndogo kwenye kamba ya nguo, na magoti yake yana udongo mbichi kila siku, hata siku za jua kali.

Sijamwona uso. Lakini leo asubuhi, nikipiga mswaki, nimekumbuka siku aliyozaliwa. Nimemkumbuka mkunga aliyemleta, na lile taulo la njano. Nimekumbuka alivyonishika kidole kwa nguvu, na mkunga akasema, huyu atakuwa wako. Nimesimama pale na povu mdomoni, najiambia kwamba siku ile haikuwepo, haikuwepo, haikuwepo...

Na moyoni, Mungu anisamehe, nampenda.