Mikono Nyuma ya Pazia

Donge la uzi lilikuwa limeshazungushwa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu mwenye haraka asingeliona. Madonge aliliona kwa sababu siku hiyo hakuwa na haraka yoyote. Ilikuwa mchana wa mapumziko, na alikuwa amefungua kabati la nyuzi ili aamue afume nini sasa.

Jina la Madonge alibandikwa na wenzake pale kliniki ya meno alikokuwa mpokezi, maana mkoba wake haukukosa donge la uzi na kroshia, ile sindano yenye ndoano mdomoni. Watu wa aina yake wana ugonjwa wao. Hawanunui uzi kwa sababu wanauhitaji, wanaununua kwa sababu wameuona. Kabati lake lilikuwa limeshiba mpaka mlango ulifungwa kwa kusukumwa na goti, na humo kila uzi ulikuwa na mtu wake: wa kijani wa sweta la shemeji yake, wa bluu wa kofia ya daktari wake wa kazini, na wa krimu, laini kuliko zote, wa blanketi la mtoto aliyekuwa tumboni mwa mdogo wake. Viporo navyo vilikuwemo. Sweta la mkono mmoja, shali la nusu, soksi isiyo na mwenzake. Mwanamke huyu alikuwa hodari wa kuanza. Kumaliza ndiko kulikomshinda.

Uzi wa krimu aliununua ukiwa mashada, yale mafungu marefu yaliyolegea, na shada huwezi kulifuma mpaka ulizungushe liwe donge. Kazi hiyo alikuwa hajaigusa. Sasa shada moja lilikuwa donge, limebana, na uzi wake ulikwenda kushoto, wakati yeye huzungusha kulia.

"Umenizungushia uzi?" akauliza kwa sauti.

"Uzi gani tena?" Mdogo wake alijibu kutoka chumbani.

"Huu wa krimu."

"Dada, mimi daktari kanikataza hata kuinama, nitaanzia wapi kuzungusha uzi?"

Ni kweli alikatazwa. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na dada mtu ndiye aliyemshika mkono usiku ule, kisha akaenda bafuni kufungulia maji ili asisikike akilia. Mama yao alikufa zamani. Mdogo huyu alilelewa na Madonge kama wa kumzaa. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana kwa nadra, na ndiyo maana mjamzito alihamia kwa dada yake. Madonge alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba huyu wa sasa hatapotea, liwalo na liwe.

Akalinusa lile donge. Lilinuka pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Akajiambia labda ni muuza duka, akaendelea na shughuli. Alimwaga nyuzi zote juu ya zulia, akazipanga, akazipangua. Aanze sweta? Joto lilikuwa kali mno. Kofia ya daktari? Daktari mwenyewe alikuwa amemgombeza juzi mbele ya wagonjwa, acha kichwa kipigwe baridi. Blanketi la mtoto? Hilo aliliogopa kidogo, maana lile la mimba ya kwanza alilianza mapema, na mwisho alilifumua akiwa peke yake. Akapanga tena. Akachoka.

"Nimeshindwa mimi," akasema huku akicheka, akinyanyuka kwenda kuzima jiko. "Haya, anayejua zaidi yangu achague."

Aliporudi, uzi wa krimu ulikuwa juu ya kiti chake, na kroshia imelazwa juu yake. Nyuzi nyingine zilikuwa zimesukumiwa ukutani.

Madonge aliona afadhali asimwambie mdogo wake. Mjamzito hatishwi ovyo.

Kesho yake alasiri aliamua kumaliza kuzungusha mashada yaliyobaki, maana kuzungusha si kuanza, na mtu mwenye donge tayari bado anaweza kubadili mawazo. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja ananyoosha mikono na kulishika shada, mwingine anavuta uzi na kuzungusha. Alikuwa ametoka kuoga. Mlango wa chumba cha mdogo wake ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Madonge akavuta kiti karibu na dirisha la sebuleni, penye mwanga, akalipenyeza shada chini ya pazia la mlango, kitanda kikiwa hatua moja tu upande wa pili.

"Nishikie, mama, hukohuko ulikolala. Usiinuke."

Shada likapokewa.

Akaanza kuzungusha. Uzi ulikuja vizuri ajabu, ukienda kushoto na kulia kama unavyokwenda pale mshikaji anapojua kazi, mkono huu ukishuka kidogo, na huu ukipanda. Madonge akafurahi, na akifurahi huwa mdomo haufungi. Alizungumza habari za majina ya mtoto, akamsema shemeji yake, akamwiga daktari.

"Mh," pazia likaitikia.

"Akiwa wa kike tumpe jina la mama, au wewe unaonaje?"

"Mh."

"Leo hata kucheka hutaki. Mgongo unauma?"

Ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa mbele. Mdogo wake akaingia, amevaa kandambili, na mfuko wa sabuni mkononi.

"Duka la hapa jirani wamefunga, nimezunguka mpaka kule," akasema. Kisha akauona uso wa dada yake. "Dada, una nini?"

"Umetoka saa ngapi?" Madonge alinong'ona.

"Si nilikuaga? Ulikuwa bafuni, nikakwambia nakwenda dukani, ukaitikia haya."

"Sikuitikia mtu."

Wote wawili wakatazama uzi. Ulikuwa umenyooka kutoka vidoleni mwa Madonge hadi chini ya pazia, umekaza, na ingawa yeye alikuwa ameacha kuvuta, uliendelea kwenda kushoto na kulia, taratibu, kwa subira ya mtu aliyenyoosha mikono akingoja mwenzake aendelee. Mdogo wake akajibanza nyuma ya dada yake. Madonge akaachia uzi, akanyanyuka, na kwa kuwa aliyekuwa nyuma yake alikuwa mjamzito na hapakuwa na mwingine wa kutangulia, akalivuta pazia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limebonyea pale viwiko viwili vilipoegemea, na harufu ya pasi ilijaa chumbani. Alipogusa godoro, lilikuwa la moto.

Walihamia sebuleni wote wawili, wakalaza godoro jingine sakafuni na kuacha taa zote zinawaka, na kabati wakaliegemezea meza, na hata hivyo alfajiri mdogo mtu alimwamsha dada yake kwa kumbana mkono mpaka kucha zikaingia, kwa sababu alikuwa amehisi vidole vikimpapasa tumbo, si kwa ukali, kwa uangalifu tu, vikishuka na kupanda kama vinatafuta mahali pa kuanzia, na alipofunua khanga waliuona uzi wa krimu umemzunguka pale penye mtoto, na mahali ncha zilipokutana pamefungwa fundo, kama fundi afanyavyo akishapata kipimo.

"Amenipima," mdogo wake akasema. "Dada, amenipimia mtoto wangu."

Mganga waliyeelekezwa aliishi ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu. Alikuwa mama mnene wa makamo, na aliwafungulia mlango akiwa na taulo kichwani, nywele zinachuruzika maji.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba. Kaeni. Huyo mwenye tumbo akae kwenye kiti kizuri."

Aliunusa uzi, akaurudisha haraka kwenye mfuko. Akamkazia macho Madonge. "Jini huyu hakuvamia. Ameitwa. Ulisema nini?"

Madonge akamweleza, mpaka lile neno la kuchagua, alilolisema kwa mzaha. Mganga akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Basi. Awali alikuwa mpita njia, anauchezea uzi tu; wewe ndiye uliyempa kazi. Amekuchagulia, halafu amekushikia. Sasa anataka chake. Nguo ya kwanza itakayofumwa kwa uzi huu, siku itakapoisha, yule aliyefumiwa anakuwa wa jini."

"Nisipoianza?"

"Ataianza mwenyewe, na yeye ameshachukua kipimo."

Mdogo mtu akalishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nitauchoma huo uzi," Madonge akasema.

"Uchome. Halafu uone atamfuata nani kudai."

"Wewe si mganga? Mtoe!"

"Anayejipenyeza namtoa, mwanangu. Huyu amekaribishwa na mwenye nyumba." Mganga hakuonekana kujivunia maneno yake. Alionekana kuona haya. "Wahini nyumbani. Anza wewe kabla yake. Wa kumfumia utamjua mwenyewe."

Walipofungua mlango walisikia kabati linapekuliwa. Kitu kilikuwa humo ndani kinasogeza mabakuli ya vifungo, kinaangusha sindano za kufumia sweta, kinazitupa, kinarudi kutafuta tena, na wote wawili walielewa pale pale kwamba kilikuwa kinatafuta kroshia, na kwamba kroshia walizokuwa nazo hazikuwa zote kwenye mkoba wa Madonge, moja ilikuwa huko chini kabisa, ndani ya soksi isiyo na mwenzake.

Madonge akaketi sakafuni, akatoa uzi wa krimu. Afume nini? Amfumie nani? Kila uzi aliowahi kuununua aliununua kwa ajili ya mtu, na sasa nyuso zao zilimpitia moja moja. Akamwona shemeji yake, mbali huko barabarani, ambaye asingejua kitu. Akamwona daktari, na kwa daktari alikaa kidogo. Alimchukia daktari kweli. Angeweza kusema kofia, ikawa kofia, na Jumatatu angemkuta mwingine kwenye kile kiti. Akaona aibu kwa jinsi wazo lile lilivyomjia tamu.

Ndani ya kabati upekuzi ukanyamaza. Kilikuwa kimepata.

"Shali," Madonge akasema kwa nguvu. "Shali langu mimi. La mabega yangu mwenyewe." Akapiga kitanzi cha kwanza, kisha kingine, akavuta.

Harufu ya pasi ikapanda, halafu ikatulia.

"Dada, kwa nini?" Mdogo wake alikuwa analia. "Kwa nini wewe?"

"Nyamaza. Tangu uzaliwe, umewahi kuniona nikimaliza kitu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake. Nguo isiyoisha haimpi jini chake, na wala hawezi kusema haikuanzwa. Kila siku alifuma mistari kadhaa, na kila jioni aliifumua. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Madonge alimbeba akacheka mpaka machozi, na kwa muda nyumba ikawa nyumba.

Kisha shali likaanza kukua lenyewe. Alikuwa akirudi kutoka kazini anaikuta mistari asiyoijua, imebana, imefumwa kwa mkono wa kushoto. Alifumua. Kesho yake ilikuwa mingi zaidi. Akaomba likizo akawa anakaa nalo mchana kutwa, anafumua mpaka ncha za vidole zikachubuka, na bado kila alipokwenda kuoga, au kuosha kijiko, au kusinzia kidogo tu, alirudi akalikuta limemzidi.

Alasiri moja mtoto alilala mkononi mwake. Madonge akanyoosha mkono mwingine kwenye kapu alimoliweka shali, akatafuta mwisho wa uzi ili avute. Haukuwepo. Akapapasa ukingo wote. Uzi ulikuwa umekatwa, umefungwa, na ncha yake imefichwa ndani ya vitanzi kwa ustadi kiasi kwamba hata yeye hakuona ilipoingilia.

"Mdogo wangu," akaita polepole.

"Abee. Nina sabuni mikononi."

"Njoo hivyohivyo. Mchukue mtoto."

Mdogo wake akaja anachuruzika povu. Kapu lilikuwa tupu. Madonge alikuwa amekaa wima kitini, amemnyoosha mtoto mbele yake kwa mikono isiyotikisika, na uso wake ulikuwa na woga ambao hakujaribu kuuficha.

"Mpokee. Umeshamshika vizuri?"

"Nimemshika, dada."

"Toka naye. Usigeuke."

Lakini alikuwa ameshaona. Shali lilikuwa mabegani mwa dada yake, limemkaa sawasawa, na vidole virefu kutoka nyuma ya kiti vilikuwa vinalifunga kifuani, kwa upole, vikilinyoosha pale lilipojikunja. Madonge hakuvitazama. Mpaka mlango unafungwa, macho yake yalikuwa kwa mtoto.