Kandali za Bi Gaura

Nyuma ya nyumba ya Bi Gaura kandali zilikuwa zimerefuka kumpita mtu. Kandali inawasha kama upupu, lakini ikichemshwa ni mboga tamu ya kulia wali. Bi Gaura alijivunia kichaka hicho. Alisema ni mboga na ni ukuta, maana hakuna mnyama atakayekubali kuwashwa mwili mzima kwa ajili ya mbuzi wao.

Njia ya chooni ilipita kando yake. Kila jioni mjukuu wake Anju, mtoto wa miaka sita, aliipita peke yake na kikopo cha maji.

Asubuhi moja mbwa wao hakuonekana. Devanti, mama yake Anju, alimwita mpaka koo likamkauka. Akatokea jirani yao Rukma. Huyu alikuwa amefundishwa na maofisa wa idara ya misitu namna ya kuishi karibu na chui. Alitazama matone ya damu uani, kisha akaomba mundu.

"Unakata mboga yangu?" Bi Gaura akauliza.

"Kidogo tu, shangazi. Tuone ndani kuna nini."

Katikati ya kichaka majani yalikuwa yamelala chini, na manyoya ya mbwa yametapakaa. Kutoka hapo ungeweza kuigusa njia ya chooni kwa fimbo.

"Kandali inakuwasha wewe, shangazi. Chui ana manyoya. Humu anajificha tu, anangoja."

Bi Gaura akamkumbuka Anju na kikopo chake cha maji. Akamnyang'anya Rukma mundu, akaanza kufyeka mwenyewe.

Walifyeka hadi ukingo wa korongo. Rukma akawaambia wasitupe makombo karibu na nyumba, kwani makombo huita mbwa, na mbwa humwita chui. Mbuzi walale ndani, mlango ukifungwa barabara. Majani ya ng'ombe yakatwe mchana, kwa kundi, mmoja akisimama kulinda. Na jua likianza kuzama, mtoto asitoke bila mtu mzima mwenye tochi.

"Na tukikutana naye uso kwa uso?" Devanti akauliza.

"Usikimbie. Usimpe mgongo. Mbebe mtoto, jifanye mkubwa, piga kelele, rudi nyuma polepole."

Haukupita muda mrefu. Jioni moja Bi Gaura alikuwa akimpeleka Anju chooni, kamshika mkono. Mwanga wa tochi ukampata chui kule ukingoni. Walimwona angali mbali, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumficha. Bi Gaura aliogopa kweli kweli, lakini hakukimbia. Alimbeba mtoto begani, akatandaza shali lake, akapaza sauti huku akirudi kinyumenyume. Chui akageuka, akateremka korongoni.

Usiku ule bibi hakumtoa Anju mapajani mpaka alipolala.

Kulipokucha Bi Gaura alikuwa tayari kwenye njia ya shule, mundu mkononi, akifyeka vichaka ambavyo hakuna aliyemtuma avifyeke. Mzee jirani alipita, akamtania kwamba mwaka huu atakula wali mkavu.

"Kandali itaota tena, shemeji," Bi Gaura akajibu bila kusimama. "Anju ninaye mmoja."

Mzee akarudi nyumbani kuchukua mundu wake.