Buni za Shosho Wagaki

Siku hiyo Aluoch alikuwa amefua nguo za nyumba tatu pale mtaa wa Olympic, na mgongo ulimuuma hadi kwenye meno. Hata hivyo, jua lilipoanza kuzama hakurudi kwake Kambi Muru. Alishika njia ya Kawangware kwa miguu.

Alikuwa akimtafuta mdogo wake, Risper. Risper alikuwa akiosha kahawa kwenye ploti ya Shosho Wagaki mpaka wiki sita zilizopita, simu yake ilipozimika. Kila jioni Celine, mtoto wa Risper, aliuliza mama atarudi lini, na Aluoch alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Shosho, nimeskia unatafuta mtu wa kuosha kahawa," alisema getini. Undugu hakuutaja.

Wagaki alikuwa ajuza mfupi mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. "Ushawahi shika kahawa?"

"Nilichambua miaka sita, kwa godauni ya Industrial Area."

"Basi kazi unajua. Lakini hii si ya godauni."

Alimpeleka nyuma ya vyumba vya wapangaji, ndani ya ua wa mabati. Mibuni minne mizee ilisimama humo, matunda yake mekundu hadi yakakaribia weusi. Kando palikuwa na kibanda chenye kufuli.

"Mbegu ililetwa na guka, babu yangu, kutoka msitu wa Ethiopia, Kawangware ikiwa mashamba tu. Haiko mahali ingine. Fungo, huyu mnyama kama paka mkubwa, anakula matunda, anatoa buni nzima kwa mavi yake, sisi tunaosha. Kilo moja ni elfu tisini, na bado matajiri wananing'ang'ania. Wanasema ukiikunywa uchovu wote unaisha."

"Wote, Shosho?"

"Wote. Wewe osha tu. Usionje."

Wenye pesa nao huchoka, sijui kwa kazi gani, Aluoch aliwaza. Aliinama juu ya karai na kuanza kuosha. Alitarajia uvundo, lakini harufu iliyompanda puani ilikuwa tamu, ya mapera yaliyoiva na udongo ulionyeshewa. Harufu ya kwao, Ugenya.

Kru... kru... kru...

Kitu kilikuwa kikitafuna ndani ya kibanda.

Fungo huyo, alijiambia. Akageukia wavu wa kuanikia, zilipokuwa buni za siku zilizopita. Ziko kavu? Godauni walikuwa na mashine ya kupima, lakini mchambuaji wa kweli huuliza jino. Kwa miaka sita Aluoch alikuwa amefanya hivyo mara mia kwa siku, na mazoea yana taabu. Mkono ulipeleka buni moja mdomoni wenyewe.

Kak.

Utamu ulimjaa mdomoni. Aliyaonja mapera, akaonja asali, na nyuma yake joto la mgongo wa mama aliyembeba utotoni. Maumivu ya kiuno yakaondoka. Magoti yakawa mepesi. Alitaka kulia kwa raha.

Ndipo kule ndani kutafuna kukakoma, na mtu akaanza kuimba kwa kuguna. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, ule Risper aliomwimbia Celine, na ukakosewa palepale Risper alipozoea kukosea.

"Risper?"



"Dada," sauti ilinong'ona kutoka nyuma ya mabati. "Usionje."

Aluoch alisogea hadi kwenye mabati. Chenga za buni zilikuwa bado ulimini.

"Dada? Umeonja?"

"Risper, toka! Celine anakungoja!"

"Uchovu wao wote, hao wanaokunywa, unakuja huku," sauti ilisema, nzito kwa usingizi. "Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka siwezi simama na miguu mbili."

Aluoch alilikamata kufuli, akalivuta, akalipiga kwa karai. Mkono mkavu ulimshika bega. Wagaki hakuwa na hasira. Alimtazama mdomo kwa muda.

"Umeonja," alisema. "Pia yeye, huyu wa ndani, alikuwa wa godauni."

Akalifungua kufuli mwenyewe.

Ndani palikuwa na kikapu cha matunda, ndala za Risper zimepangwa vizuri ukutani, na fungo mmoja, amekonda, amelala ubavu. Alijaribu kuinua kichwa. Kikamshinda.

"Mnyama tu," Wagaki alisema taratibu. "Mmoja akiisha, anatafutwa mwingine. Kuja kesho."

Aluoch alikimbia. Alikimbia kutoka Kawangware hadi Kambi Muru, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu hakutweta hata kidogo.

Celine alikuwa mlangoni. "Anti, umempata mama?"

Aluoch alimkumbatia. Mtoto alinusa shingo yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Unanukia kama mama siku ile alienda."

Usiku huo Aluoch alipiga magoti kando ya kitanda. Mwanamke aliyekuwa ameomba nguvu maisha yake yote aliomba uchovu wake urudi: kiuno kiume, macho yawe mazito, apate kulala kama watu. Akaomba hadi kukapambazuka. Macho yalikuwa makavu, miguu myepesi.

Tumbo ndilo lililokuwa na njaa. Alimimina uji wa Celine kwenye kikombe na hakuweza kuunywa. Alitaka kitu chekundu, kitamu, chenye mbegu mbili ndani.

Ndala zake alikuwa ameshazivaa, uso ukielekea Kawangware.