Nilivyofunga Chaneli ya Koko kwa Wivu Wangu

Niko na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Kitengela. Darasani mimi ndiye mchekeshaji. Mwalimu akigeukia ubao, mimi natangaza habari. Kwa hivyo mkiniona leo nalia, msidhani ni mzaha... Safari hii nimejimaliza!

Kila asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nasomea wenzangu habari za teknolojia, halafu natoa maoni yangu ya kijinga. Simu mpya iko na kamera tano? "Za nini, na sura ni ile ile!" Aliyecheka zaidi ni Lemayan, rafiki yangu wa dawati moja.

Likizo ya Aprili, Lemayan akaenda Ewuaso Kedong kwa nyanya yake. Wao Wamaasai humwita nyanya Koko. Akamsomea habari kama zile zangu, akamrekodi, akaweka video mtandaoni.

"Koko, wanasema kuna mashine inaandika mashairi."

"Inakula nini?"

"Stima."

"Basi stima ikipotea tutajua mshairi ni nani."

Wueh! Watu wakampenda Koko kupita kiasi. Hata Shiru, msichana niliyekuwa namchekesha tangu kidato cha kwanza, akaniambia, "Brayo, jaribu kuwa kama Koko." Mimi? Niwe bibi wa miaka themanini? Wivu ulinijaa tumboni kama maharagwe ya shule.

Nilikuwa natazama zile video tena na tena, natafuta kosa... Sikulipata. Hapo ndipo nilichukia zaidi.

Nikamwambia Lemayan wazo ni langu, ataje jina langu. Akacheka. "Maoni ni ya Koko, bro. Enda umshtaki."

Alikuwa anatania... Mimi nikaenda kweli!

Ule mtandao uko na fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Nikafungua akaunti mpya ya barua pepe, nikadai video tatu ni zangu, moja baada ya nyingine. Fomu ikauliza kama naapa ni ukweli. Nikabonyeza ndiyo. Kwani nani husoma hayo maneno? Ikataka jina kamili, nikaandika majina yangu yote matatu kama kwa cheti cha kuzaliwa. Nilidhani ni siri yangu na wao.

Kumbe malalamiko matatu hufunga chaneli nzima! Na kumbe pale video ilipokuwa wanaandika, kwa herufi kubwa, imeondolewa kwa malalamiko ya nani...

Lemayan akanishikia simu usoni. "Huyu ni nani?"

Nikamwambia tunafanana majina tu. Majina matatu, wasomaji! Alihama dawati siku hiyo hiyo.

Kwa woga nikafuta ile barua pepe, nikavunja na laini ya simu niliyoifungulia. Nikajiona mjanja sana.

Wiki mbili baadaye, Koko akafariki.

Simu ya Lemayan haina nafasi. Kila video akishaiweka mtandaoni, alikuwa anaifuta kwa simu ili arekodi nyingine. Sauti ya Koko ilikuwa kwenye chaneli pekee. Familia ilitaka kuicheza siku ya mazishi... Wangecheza nini?

Nilienda kukiri kwa Madam Nekesa, mwalimu wetu wa kompyuta. Nikajitetea kwamba wazo lilikuwa langu.

"Wazo halina mwenyewe, Brayo," akasema. "Sheria inalinda kitu mtu ametengeneza. Wewe ulitengeneza nini?"

Nikamuuliza dawa ni nini.

Akasema dawa ni rahisi, niondoe malalamiko kwa barua pepe ile ile. Tukajaribu kuirudisha. Ikatuma namba ya siri kwa laini niliyovunja. Njia nyingine ilikuwa baba yake Lemayan, kwa kuwa sisi bado ni watoto, atie sahihi kupinga madai yangu. Mzee alipofika kwenye neno mahakama, tena ya nchi ya nje, akarudisha ile karatasi. "Mama yangu hajazikwa, mnaniletea kesi ya ng'ambo?"

Tumeandikia kampuni mara nyingi. Jibu ni lile lile, wanatushukuru kwa uvumilivu.

Ndipo nikakumbuka kwamba zile video niko nazo kichwani, neno kwa neno, kwa sababu ya ule wivu. Nikaziandika zote kwa daftari, hata pale Koko alipokohoa. Nikampelekea Lemayan.

Alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Mahali pamoja akatabasamu, nikadhani nimesamehewa...

"Maneno ni yake," akasema. "Sasa sauti nitaitoa wapi?"

Akaweka daftari kwa mkoba, akaenda zake.

Wenzangu, mwenzako aking'aa, mpigie makofi hata kama roho inakuuma. Na kabla uape kwa fomu yoyote ya mtandao, isome! Ukiona kidole chako kinataka kubonyeza kwa sababu ya wivu, tafadhali, nakuomba, kiweke mfukoni. Mimi sina wa kuniombea radhi kwa Koko.