Sindano Isiyo na Tundu

Lifti ilikuwa imegoma, na ukumbi wa chini ulijaa watu wenye haraka na hasira. Fundi cherehani alisimama katikati yao, gauni la harusi la mteja limemlalia begani kama mtu aliyezimia. Mlango ukafunguka, akatoka fundi wa lifti, mikono imejaa grisi, kifungo cha ovaroli kikining'inia kwa uzi.

"Dada, usinisogelee na hilo gauni. Nitalichafua kabla bwana harusi hajaliona."

"Na hicho kifungo alikishona nani, adui yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Nilijua."

Jioni fundi wa lifti alikwenda kibandani kwake kushonewa kifungo, na hakuacha tena kwenda. Wakawa wanaitana "fundi" wote wawili.

"Fundi wangu, umekula?" mwanamume alizoea kuuliza kwa simu.

"Nimekula. Umenawa masikio? Juzi yalikuwa na grisi."

"Masikio yangu yaache, mpenzi. Yana mambo yake."

Mwanamume alikuwa amemweleza mapema kwamba zamani alijidunga dawa za kulevya, na ameacha. Kaka yake fundi cherehani alikufa hivyo hivyo, sindano ikiwa bado mkononi.

"Nitakupenda," alisema. "Ila siku nikiona sindano, tumeachana."

Kwa kauli hiyo mwanamume akameza jambo moja: kila Alhamisi alikwenda kliniki kuketi na wenzake, wakachomwa sindano nyembamba zisizo na dawa masikioni ili miili itulie na ile hamu ipungue.

Wiki waliyopanga kwenda kwa mama yake mwanamume, alimwachia mpenziwe koti atengeneze bitana. Kwenye ukosi kitu kikamchoma fundi cherehani kidole. Alikichomoa, akakiweka karibu na taa. Kilikuwa kifupi, chembamba kama unywele. Alikuwa ameshika sindano tangu utotoni, na hii haikuwa na tundu. Sindano isiyopitisha uzi haishoni nguo, akawaza. Kazi yake ni mwilini.

Akapiga simu. "Nimeona sindano kwenye koti lako."

"Fundi, ngoja nije nikueleze."

"Kaka yangu naye alikuwa na maelezo."

Akakata, akazima simu. Koti hakulirudisha.

Baada ya majuma kadhaa, dada yake mwanamume akaingia kibandani, hata salamu hakutoa.

"Wifi, unajua sindano au unajua cherehani tu? Wanamchoma masikioni, kliniki. Ile uliyoiona ilidondoka, wakaitafuta sakafuni mpaka wakachoka, kumbe imenasa kwenye ukosi."

"Masikioni?"

"Haziponyi. Zinamtuliza, ili ushauri na dawa za daktari zipate nafasi. Alikuficha kwa sababu ya ile amri yako."

"Yuko wapi?"

"Alirudia unga, wifi. Sasa ndiyo anaanza upya."

Alhamisi fundi cherehani alikwenda kliniki, amevaa gauni la kijani alilokuwa amelishona kwa ajili ya safari ya kwa mama. Viti vilipangwa duara. Pale hakuzungumzwi mpaka sindano zitolewe, kwa hiyo akaketi kimya na koti mapajani. Masikio ya mpenzi wake yalimetameta kama pindo lililobanwa kwa pini. Mwanamume alifumbua macho, akamwona, akayafumba tena.

Mwuguzi alipomaliza kuzitoa na kuzihesabu, walisimama kwenye ujia.

"Nisamehe, fundi," alisema mwanamke.

"Nilishakusamehe."

"Basi twende kwa mama. Koti nimelimaliza."

"Hapana." Mwanamume aliongea polepole. "Ulipokata simu nilikuwa safi. Jioni ile ile sikuwa. Mkono ulikuwa wangu, sikulaumu. Lakini neno lako moja linaniangusha, mpenzi. Siwezi kuishi karibu nalo."

"Nitakungoja."

"Usiningoje."

Akapokea koti, akalikunja vizuri. Alikuwa na ovaroli ileile. Kifungo cha juu kilikuwa kimelegea, kinaning'inia.

"Hicho nani alikishona?"

"Mimi mwenyewe."

Mkono wa mwanamke ulianza kunyanyuka kuelekea kifungoni. Akaurudisha mfukoni.